Kadi ya Kamera Ndani ya Laptopu Kuukuu: Somo kwa Vikundi Vyetu

Safari hii somo letu linatokana na hasara tuliyoiona kwa macho yetu. Kikundi kimoja cha akina mama huku Langas kilikuwa kimeweka hesabu zake zote katika laptopu moja ya zamani waliyopewa na mfadhili: hisa za kila mwanachama, mikopo, faini, hata majina ya watoto wanaolipiwa karo. Siku ya kugawana faida ikiwa imebaki wiki mbili, mashine ikaanza kulia tik-tik-tik kama saa ya ukutani, kisha skrini ikawa nyeusi yenye maneno machache meupe ya Kiingereza. Tuliipeleka kwa fundi mjini. Yule kijana aliisikiliza kidogo tu, akasema, "Mama, hii imeenda. Diski imekwaruzika." Katibu akamwuliza kama hesabu zinaweza kutolewa. Akajibu kwamba labda Nairobi, lakini gharama yake ingemeza faida yenyewe.

Ikabidi wakae chini zaidi ya wiki nzima wakikusanya risiti, jumbe za M-Pesa na kumbukumbu za kichwa. Wanawake wawili waliokuwa marafiki kwa miaka mingi walikosana kwa sababu ya mkopo wa shilingi elfu nne, mmoja akisema amelipa, mwingine, ambaye ni mweka hazina, akisema hakumbuki. Mpaka leo wanasalimiana tu kwa heshima.

Basi, yule fundi alitwambia jambo ambalo hatukulitegemea. Alisema laptopu yenyewe ni nzima kabisa, skrini safi, kibodi haina shida, na kwamba badala ya kutafuta diski nyingine kuukuu ambayo nayo itakufa, angeweza kutia kadi ya memori kama zile za kamera. Tulidhani anatutania. Kumbe ni kazi inayojulikana. Tangu siku hiyo tumesimamia mashine tano za vikundi zikifanyiwa hivyo. Nne zinafanya kazi. Ya tano tutawaeleza ilivyotuaibisha.

Diski ya zamani inakufaje?

Ni vizuri tuelewe kwanza kitu kinachoharibika. Wale waliokua na gramafoni nyumbani watakumbuka santuri na sindano yake. Diski ya laptopu ya zamani inafanana na hiyo. Ndani yake mna sahani inayong'aa inayozunguka mara 4,200 au 5,400 kwa dakika moja, na mkono mdogo wenye kichwa cha kusomea. Tofauti ni kwamba kichwa hicho hakigusi sahani. Kinaelea juu yake kwa upepo mwembamba unaotokana na kule kuzunguka, na nafasi iliyopo ni ndogo kuliko chembe ya vumbi. Mashine ikipigwa dafrau ikiwa inafanya kazi, kichwa kinaweza kugonga sahani na kuikwaruza. Pale palipokwaruzwa, maandishi yamekwenda.

Tuwaze sasa maisha ya laptopu ya kikundi. Inabebwa kwenye kikapu au begi la shule, inapanda bodaboda, inapanda matatu kwenye barabara ya murram, inafunguliwa kabla haijapoa au haijatulia, na wakati mwingine stima inapotea ghafla na betri yake ilishakufa zamani. Kuna watu huku kwetu wanaosema Eldoret iko juu sana na hewa nyepesi ndiyo inayoua diski. Hapo hatukubaliani nao. Mji wetu, ambao tangu Agosti 2024 ni jiji, uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na diski nyingi zimetengenezwa zifanye kazi mpaka kama mita 3,000. Kinachoua ni mitikisiko, vumbi, joto, na umri. Kifaa chenye sehemu zinazozunguka lazima kichakae, kama posho mill.

Kadi ya memori haina kitu kinachozunguka. Ifikirieni kama ukuta wa masanduku ya posta, maelfu kwa maelfu, na kila sanduku linashika chaji ndogo ya umeme hata stima ikizimwa. Ukiiangusha sakafuni haikwaruziki. Haitoi sauti, haipati joto sana, na hula umeme mdogo kuliko diski, kwa hiyo betri hukaa kidogo zaidi. Tena ni nyepesi kusoma. Diski inayozunguka mara 4,200 kwa dakika huhitaji, kwa wastani, sehemu saba hivi za elfu moja za sekunde kungoja tu mahali panapotakiwa pazunguke mpaka chini ya kichwa, kabla hata ya kuhesabu mwendo wa mkono wenyewe. Kadi haingoji hivyo. Ndiyo maana mashine iliyokuwa ikichukua muda wa kuchemsha chai kuwaka sasa huwaka upesi, ingawa ni ile ile.

Kwa nini kadi ya kamera inaelewana na laptopu?

Hili ndilo lililotushangaza zaidi. Kadi inayoitwa CompactFlash ilitolewa na kampuni ya SanDisk mwaka 1994. Ni kile kikadi kipana kidogo, kama milimita 43 kwa 36, chenye matundu 50 madogo pembeni, kilichotumiwa na wapiga picha wa studio kwenye kamera kubwa za Canon na Nikon. Walioitengeneza waliipa lugha ile ile ambayo diski za kompyuta za wakati huo zilitumia, inayoitwa IDE. Kwa hiyo hakuna haja ya mkalimani. Inatakiwa adapta tu, kibao kidogo chenye soketi ya kadi upande mmoja na pini 44 upande wa pili, na pini hizo ndizo za diski ya laptopu. Umeme wa volti 5 unapita kwenye pini hizo hizo, na kadi ya CompactFlash inaweza kutumia volti 5 au 3.3. Laptopu ikiwaka inaona diski, haijui kwamba ni kadi.

Lakini si kila laptopu ya zamani. Zile za kuanzia miaka ya 1990 mpaka karibu 2005, kwa mfano IBM ThinkPad T40 na T42, au Dell Latitude D600, zina soketi hiyo ya pini 44. Zilizokuja baadaye zina soketi nyembamba ya SATA, na hizo zina dawa yake nyingine iliyo rahisi zaidi: mnanunua diski ya kisasa isiyozunguka, yaani SSD, mnachomeka, kwisha. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, tolea diski ya zamani nje uitazame. Ukiona safu mbili za pini ndogo kama meno ya kitana, ni IDE. Ukiona vipande viwili bapa vya plastiki bila pini, ni SATA, na somo hili halikuhusu sana.

Jihadharini pia na ThinkPad T43. Kwa nje ni sawa na ndugu zake, lakini kompyuta hiyo ikiona diski isiyoitambua huleta onyo lenye namba 2010 kila inapowaka. Si lazima ikatae, ila inasumbua.

Kununua bila kuibiwa

Sasa tufike kwenye ile mashine ya tano. Tulinunua kadi kwa mwuzaji mmoja, iliyoandikwa GB 32, kwa bei ya kufurahisha. Ilikubali kila kitu. Wiki ya tatu faili zikaanza kufunguka zikiwa na takataka ndani yake. Kumbe kadi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko ilivyoandikwa, imedanganywa iseme ni kubwa. Ukiandika kupita nafasi yake ya kweli, maandishi mapya yanakaa juu ya yale ya zamani au yanapotea, na kadi haisemi kitu. Ni kama mtu anayepokea gunia la mahindi kila siku katika ghala la magunia kumi na kukuandikia risiti ya magunia mia.

Tangu hapo tumejifunza kupima kadi kabla ya kuitumia. Iko programu ya bure ya Windows inayoitwa H2testw, na ya Linux inayoitwa F3. Zote mbili hujaza kadi yote kwa maandishi, kisha huyasoma tena kuona kama yamebaki vile vile. Inachukua saa kadhaa kwa kadi kubwa, kwa hiyo iacheni ikiendelea wakati mkutano unaendelea. Fanyeni kazi hiyo kabla ya kutia chochote cha maana, na mwombeni mwuzaji kabla ya kulipa kwamba mtairudisha ikishindwa. Akikataa, nendeni kwa mwingine.

CompactFlash zimekuwa adimu madukani. Waulizeni wapiga picha wa studio, kwa sababu wengi wamehamia kamera mpya na kadi zao za zamani zimelala kwenye droo. Kadi halisi ya GB 8 au 16 iliyotumika kidogo ni bora kuliko mpya ya kudanganywa. Ukikuta iliyoandikwa Microdrive, iache. Hiyo ni diski ndogo inayozunguka iliyofichwa ndani ya umbo la kadi, IBM ilianza kuitoa mwaka 1999, na tatizo linakuwa lile lile tunalolikimbia.

Zipo pia adapta zinazopokea kadi za SD, zile ndogo zilizojaa kila duka la simu. Hizo zina chipu ndani ya kutafsiri, kwa kuwa SD haiongei lugha ya IDE. Zinafanya kazi, na kwa kijana anayejifunza kuchapa zinatosha kabisa. Kwa hesabu za kikundi sisi tungependelea CompactFlash, au hata zaidi, ile SSD ndogo ya mSATA iliyotiwa kwenye adapta ya pini 44, kwa kuwa imetengenezwa kwa kazi ya kuandikwa-andikwa mchana kutwa.

Kazi yenyewe

Kama diski ya zamani bado inapumua, kitu cha kwanza ni kunakili faili zote za kikundi kwenye flashi mbili. Si moja. Ndipo mzime mashine, mchomoe chaja, mtoe betri. Hapo wengi hukosea, wanaacha betri ndani.

Diski kwa kawaida iko chini ya kifuniko kimoja kidogo chenye skrubu moja au mbili. Ivuteni polepole kwa kunyooka, msiipindue, kwa sababu pini ni laini. Kisha tazameni adapta. Pini namba moja ya adapta lazima ielekee pale pale pini namba moja ya diski ilikuwa. Katika soketi nyingi tundu la 20 limezibwa na pini ya 20 imeondolewa, ili usiweze kuchomeka kinyume, lakini adapta za bei rahisi wakati mwingine zina pini zote, na ukigeuza unaunguza kadi au ubao mama. Tulimwona fundi mmoja mzee akipiga picha kwa simu kabla ya kutoa chochote. Tumeiga tabia hiyo. Kama adapta ina kijumpa kidogo cha kuchagua, kiwekwe kwenye master. Na kwa kuwa adapta ni fupi na nyepesi kuliko diski, itacheza ndani ya nafasi yake. Ifungeni kwa kipande cha sponji kavu au kadibodi, kisicho na karatasi ya fedha, isije ikagusa mahali pabaya.

Mkiwasha, ingieni kwenye bayosi muone kama kadi imetambuliwa. Laptopu za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 nyingi haziwezi kuhesabu zaidi ya MB 504. Nyingine za miaka iliyofuata zinakoma kwenye GB 8 hivi. Kwa hiyo kadi kubwa si sifa. Mashine ya 1997 ikipewa kadi ya GB 64 inaweza kuganda hapo hapo. Kadi ya GB 4 inaikaa vizuri zaidi. Igaweni na kuifomati ndani ya laptopu ile ile itakakoishi, si kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu mashine za zamani zina hesabu zao za kupanga diski na zisipokubaliana kadi haiwaki.

Kuhusu programu, DOS na Windows 98 hazina maswali mengi. Windows XP ndiyo yenye maringo. Kadi nyingi hujitambulisha kama kitu cha kutolewa, kama flashi, na XP inaweza kukataa kuigawa sehemu mbili. Kadi zilizotengenezwa kwa viwanda hujitambulisha kama diski ya kudumu na hazina shida hiyo. Pia adapta nyingine za bei ya chini hazina nyaya zote za mwendo wa kasi, na mashine inakuwa mzito kama punda mwenye magunia. Mkiona hivyo, msilaumu kadi, badilisheni adapta. Kumbukeni tena kwamba Microsoft iliacha kuitunza XP tarehe 8 Aprili 2014. Laptopu yenye XP iandike na ihesabu, lakini isiunganishwe na intaneti hata siku moja.

Linux nyepesi ndiyo tunayoipendekeza kwa mashine za karibu 2003, kama zina memori ya MB 512 au zaidi. Debian 12 ya mwaka 2023 bado ina toleo la mashine hizi za biti 32. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, imeacha kutoa kisakinishi chake.

Udhaifu wa kadi

Tusiwadanganye kwamba kadi haifi. Kila kisanduku kwenye ule ukuta wa posta kina bawaba, na bawaba huchakaa kwa kufunguliwa na kufungwa. Kusoma hakuchoshi, kuandika ndiko kunakochosha. Kadi za zamani za aina bora ziliweza kuandikwa kama mara laki moja kwa kila kisanduku. Za kawaida zinazouzwa kwa bei ya chini ni elfu chache tu. Ndani ya kadi mna msimamizi anayejaribu kuzungusha kazi ili masanduku yachakae kwa usawa, lakini kadi za bei rahisi zina msimamizi mvivu.

Kwa hiyo ipunguzieni kazi. Ongezeni memori ya laptopu kwanza, kwa sababu memori ikiwa ndogo mashine huandika kwenye diski bila kukoma ikitafuta nafasi. Kwenye Windows, zimeni au punguzeni ile faili ya kubadilishana. Kwenye Linux, fundi aweke noatime, ili mashine isiandike saa kila faili inaposomwa tu.

Na kuna jambo moja baya kuliko la diski. Diski hulia kabla ya kufa, ile tik-tik ni kama mgonjwa anayekohoa, unapata siku mbili za kunakili. Kadi hufa kimya. Tena kadi iliyochakaa ikikaa kabatini miaka bila umeme, chaji zinaweza kuvuja na maandishi kufifia. Kadi si mahali pa kuhifadhi kumbukumbu za miaka kumi.

Kabla hatujasahau: laptopu hizi zina betri ndogo ya saa ndani, na nyingi zimekufa. Mashine ikiwaka inadhani ni mwaka 1998 au 2002, na mweka hazina anaandika mkopo wenye tarehe ya kabla ya kikundi kuanzishwa. Mwambieni fundi aibadilishe wakati huo huo akiwa ameifungua.

Tuliyojifunza kutoka jirani

Wengine watasema mashine ndogo na kuukuu haziwezi kazi ya maana. Tuwakumbushe Mosoriot, hapo kwenye barabara ya kwenda Kapsabet. Februari 2001 kituo cha afya cha Mosoriot kilianza kuandika wagonjwa wake kwenye kompyuta, kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Hawakuwa na mitambo mikubwa. Zilikuwa kompyuta mbili za kawaida zilizounganishwa, pamoja na betri za kuzishika stima ikipotea. Kabla ya hapo kila kliniki ilikuwa na daftari lake, na mgonjwa mmoja aliandikwa upya kila mlango alioingia. Kutokana na kazi hiyo mpango wa AMPATH hapa Eldoret ukatengeneza mfumo wake wa kumbukumbu za wagonjwa, na mwaka 2004 ikaanza kazi ya OpenMRS, iliyowekwa hapa kwetu kwa mara ya kwanza mwaka 2006, na ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. Tunachokiona sisi ni kwamba walifikiria stima kabla ya kufikiria ukubwa wa mashine.

Kikundi chenu kikikaa kujadili, mkubaliane haya kabla ya kumwita fundi. Nani atanakili faili kwenye flashi kila baada ya mkutano, na flashi hiyo italala nyumba gani? Isiwe nyumba moja na laptopu. Nani ana neno la siri, na akihama au akifariki nani mwingine analo? Je, kitabu cha mkono bado kinaandikwa? Kikundi cha Langas kimerudia kitabu cha mkono na laptopu pia, na mwisho wa kila mwezi katibu na mweka hazina wanasoma kwa sauti mbele ya wote, mmoja kutoka kwenye kitabu na mwingine kutoka kwenye skrini.

Na ile diski iliyotolewa msiitupe jalalani, wala msimwachie fundi bila kufikiri. Hata ikiwa inalia, ndani yake mna majina, namba za kitambulisho, madeni ya watu, pengine na habari za wagonjwa au yatima. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na kikundi kinachoshika habari za watu kinapaswa kuzilinda. Ikiwa bado inafanya kazi, ifutwe yote kwa programu. Ikiwa imekufa, ifunguliwe na sahani zake zipigwe nyundo mbele ya viongozi watatu, huku mpigaji amefunga macho kwa miwani au kitambaa, maana sahani nyingine ni za kioo na hurusha vipande. Mabaki yapelekwe kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Yale ya Langas tuliyabeba wenyewe kwenye mfuko wa unga, na mweka hazina ndiye aliyeshika nyundo.